Nadharia za rangi mbele ya Biblia: jibu kwa mwalimu wa vijana wa Iringa

Swali: Shikamoo mwalimu. Nafundisha vijana katika usharika mmoja hapa Kihesa, Iringa. Likizo hii vijana wetu wanaosoma chuo wametuletea mjadala mzito. Wanasema rangi ni kitu kilichotungwa na watu, ubaguzi umo ndani ya mifumo wala si moyoni tu, na mmoja akamalizia kwamba hata Biblia ililetwa na Mzungu ili atutawale. Mzee mmoja wa kanisa akawajibu kwa Wakolosai 2:8 kwamba hizo ni falsafa za ulimwengu, kisha akaongeza kuwa hali ya mtu mweusi inajulikana, sisi ni uzao wa Hamu. Vijana wakacheka, mzee akakasirika. Mchungaji amenipa Jumamosi nne nilifundishe jambo hili. Nianzie wapi, na nitawezaje kuwasikiliza wasomi bila kuliacha Neno?

Jibu: Marahaba. Anzia kwa mzee, usianzie kwa vijana.

Kwenye kikao chenu hakukuwa na nadharia moja ya kidunia iliyokuja kugongana na Biblia. Zilikuwa mbili. Moja ni mpya, imetoka vyuo vya sheria vya Marekani miaka ya 1970 na 1980. Nyingine ni kuukuu, nayo imekaa kanisani hata ikazoeleka kama fundisho la Maandiko: hiyo ya Hamu. Ukiikemea ile mpya na kuiacha ya zamani imekaa kitini, vijana watajua papo hapo kwamba hupimi kwa Neno bali kwa mazoea. Kabla ya Jumamosi ya kwanza mtembelee mzee nyumbani kwake, umwombe yeye ndiye asome Mwanzo 9 mbele ya darasa. Usimvizie hadharani. Mzee aliyeaibishwa mbele ya vijana hatarudi Jumamosi ya pili, na vijana watakuwa wamejifunza kushinda badala ya kupima.

Siku hiyo wagawe watu watano watano, kila kikundi kiwe na mtu mzima mmoja angalau. Wape Mwanzo 9:18–27 pamoja na sura ya 10 yote, na maswali matatu tu: Nani alitazama? Nani alilaaniwa? Rangi ya ngozi imetajwa mstari gani? Dakika ishirini zinatosha. Watakuta aliyetazama ni Hamu, mstari wa 22, lakini aliyelaaniwa ni Kanaani mwanawe, mstari wa 25. Anayelaani ni Nuhu aliyezinduka katika ulevi, si Mungu. Tena katika sura hiyo hiyo, mstari wa kwanza kabisa, Mungu alikwisha kumbariki Nuhu na wanawe, Hamu akiwamo. Sura ya 10 mstari wa 6 inawataja wana wa Hamu: Kushi, Misri, Putu na Kanaani. Wanaohusishwa na Afrika ni hao watatu wa kwanza, na hakuna hata mmoja wao aliyelaaniwa. Wakanaani wamewekewa mipaka mstari wa 19, kutoka Sidoni hadi Gaza, yaani pwani ya Mediterania. Rangi ya ngozi haimo popote. Na kama kuna atakayeng'ang'ania laana juu ya Kanaani, mpeleke Mathayo 1:5: Rahabu wa Yeriko, mji wa Kanaani, yumo katika ukoo wa Yesu.

Hapo usiharakishe kufunga kipindi, kwa sababu sehemu yenye faida zaidi inakuja. Waeleze jinsi hadithi ya Hamu ilivyogeuzwa. Kwa karne nyingi wafanyabiashara wa watumwa na watetezi wao walisema Hamu ni baba wa weusi, kwa hiyo utumwa ni halali. Katika karne ya 19 jina lile lile likabebeshwa kinyume chake. John Hanning Speke, mpelelezi Mwingereza, katika kitabu chake cha safari cha mwaka 1863, aliwaona watawala wa eneo la Maziwa Makuu kuwa wageni wa asili bora waliotoka kaskazini. Charles Seligman, msomi wa Uingereza, mwaka 1930 akaandika kwamba maendeleo ya Afrika yaliletwa na Wahamu, watu aliowahesabu kuwa jamii moja na Wazungu. Basi Hamu alikuwa mweusi aliyelaaniwa, kisha akawa mweupe aliyestaarabika. Jina likibeba madai mawili yanayopingana, na Biblia haijabadilika hata nukta, ujue si Biblia iliyokuwa ikiongoza. Watawala wa Kibelgiji waliyachukua mawazo hayo Rwanda, wakampendelea Mtutsi kama Mhamu, na miaka ya 1930 wakaandika Mhutu, Mtutsi au Mtwa katika kitambulisho cha kila mtu. Mwaka 1994 vitambulisho hivyo vilikaguliwa kwenye vizuizi vya barabarani. Watu waliokimbilia kanisani Nyamata na Ntarama waliuawa humo humo kanisani.

Wakolosai 2:8 mzee hakukosea kuinukuu. Alikosea kuitumia kama rungu. Paulo anaonya juu ya falsafa inayowateka watu nyara kwa mapokeo ya wanadamu, isiyofuata Kristo. Nadharia ya Hamu ni mapokeo ya wanadamu kwa kila kipimo. Na Paulo huyo huyo, Athene, alinukuu washairi wapagani, "sisi sote tu wazao wake", Matendo 17:28, akachukua kilicho kweli kwao na papo hapo akakataa sanamu zao. Agizo lenyewe liko 1 Wathesalonike 5:21: "jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema." Vitenzi ni viwili, kujaribu na kushika. Kanisa letu lina tabia ya kuruka cha kwanza.

Tuingie sasa kwenye nadharia ya vijana. Wengi wameipata kwa vipande vya video, hawajaisoma, kwa hiyo waeleze ilikotoka. Ni nadharia ya uhakiki wa ubaguzi wa rangi, ambayo huko inaitwa kwa herufi tatu, CRT. Wanasheria Weusi wa Marekani walikuwa na swali halisi: Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikataza shule za kibaguzi mwaka 1954, Sheria ya Haki za Kiraia ikapita mwaka 1964, mbona miaka ishirini baadaye hali haijasogea kama ilivyotarajiwa? Derrick Bell, aliyefundisha sheria Harvard, aliandika mwaka 1980 kwamba uamuzi wa 1954 uliwezekana kwa sababu wakati huo ulilingana na maslahi ya Wazungu wenye uwezo, nchi ikiwa katika Vita Baridi na ikitafuta sifa mbele ya mataifa. Kimberlé Crenshaw, naye mwanasheria, mwaka 1989 alichambua kesi ya wanawake Weusi waliokuwa wafanyakazi wa General Motors, kampuni ya magari. Wanaume Weusi waliajiriwa kiwandani, wanawake Wazungu waliajiriwa ofisini, lakini wanawake Weusi hawakuajiriwa kabla ya mwaka 1964. Kazi zilipopunguzwa miaka ya 1970 kwa kanuni ya aliyeingia mwisho atoke kwanza, wao wakaisha. Mahakama mwaka 1976 ikawaambia walete dai la rangi au dai la jinsia, wasiyaunganishe. Crenshaw akaonyesha kwamba mtu anaweza kudondoka katikati ya sheria mbili nzuri.

Kosa kubwa ambalo nadhani makanisa ya Marekani yamelifanya ni kugombania jina la nadharia kabla ya kutenganisha madai yaliyomo. Wabaptisti wa Kusini, dhehebu kubwa la huko, Juni 2019 walipitisha azimio kwamba mawazo hayo yanaweza kutumika kama zana za uchambuzi chini ya mamlaka ya Maandiko. Novemba 2020 wakuu wa seminari zao sita wakatangaza kwamba hayapatani na ungamo lao la imani. Baadhi ya wachungaji Weusi wakaondoa makanisa yao. Pande zote mbili zilikuwa na Biblia mkononi. Vijana wako wameuona ugomvi huo mtandaoni, na bila kujua wanakuja kuuendeleza Kihesa.

Kwa hiyo Jumamosi ya pili bandika ukutani karatasi nne za manila. Ya kwanza andika YALIYOTOKEA, ya pili YANAVYOFANYA KAZI, ya tatu MWANADAMU NI NANI, ya nne TIBA NI NINI. Wape vijana vipande vidogo vya karatasi, waandike kila dai wanalolijua, dai moja kipande kimoja, kwa Kiswahili chao wenyewe. Kijana akishindwa kuliandika dai kwa Kiswahili chepesi, mara nyingi bado hajalielewa, mrudishe akalifikirie. Kisha wajadiliane kila kipande kikae karatasi ipi. Kipande kinachogombaniwa sana kikate vipande viwili, maana kwa kawaida kina madai mawili yaliyobebana.

Karatasi mbili za kwanza hupimwa kwa ushahidi. Biblia haitakuambia idara ya serikali ya Marekani iliyodhamini mikopo ya nyumba tangu 1934 ilifanya nini. Kumbukumbu zake zitakuambia, nazo zinaonyesha kwamba mitaa ya watu Weusi ilihesabiwa hatari na kunyimwa dhamana. Mkristo hana sababu ya kukana jambo lililotokea eti kwa kuwa aliyelisema haamini Mungu. Karatasi mbili za mwisho ni habari nyingine. Huko nadharia yoyote, ya kushoto au ya kulia, imeingia kwenye uwanja ambao Maandiko yameshasema, na hapo Neno ndilo hakimu.

Chukua dai lao la kwanza, kwamba rangi imetungwa. Likate. Ngozi nyeusi na nyeupe hazikutungwa, zipo. Kilichotungwa ni ile ngazi: kwamba watu wamegawanyika katika jamii chache zenye akili na tabia zake. Tuna hata majina ya waliotunga. Carl Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi, aligawa wanadamu makundi manne mwaka 1735, na katika toleo la 1758 akaongeza tabia: Mzungu huongozwa na sheria, Mwafrika na matakwa ya ghafla. Hakupima kitu, aliandika tu. Mwanasayansi Richard Lewontin alipopima tofauti za kurithi mwaka 1972 alikuta kama asilimia 85 ya tofauti zote za wanadamu zimo ndani ya kundi moja moja, si kati ya kundi na kundi. Hapo sayansi imechelewa kufika alipokuwa Paulo, Matendo 17:26: Mungu alifanya kila taifa la wanadamu kutoka katika mmoja. Ila usiwaruhusu vijana wala wazee waseme "imetungwa, basi haipo". Noti ya elfu kumi nayo imetungwa, ni karatasi, lakini mtu akiikosa analala njaa.

Dai la pili, kwamba dhuluma yaweza kuwa katika utaratibu, lina andiko ambalo mimi ningelipa nusu saa nzima: Matendo 6:1–7. Someni polepole. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani, yaani Wayahudi waliosema Kiyunani, "walisahauliwa katika huduma ya kila siku". Luka hasemi kuna mtume aliyewachukia. Wajane wa Kiebrania walikula. Wanaume wa Kiyunani hawakulalamika kwa ajili ya njaa yao wenyewe. Aliyekosa ni yule aliyekuwa mjane na pia Myunani, vyote viwili kwa wakati mmoja, lile jambo ambalo mahakama ya 1976 ilishindwa kuliona. Mitume walifanya nini? Hawakusema "msinung'unike, sote ni wamoja katika Kristo". Hawakuishia kuwahubiria watu wapendane. Walibadilisha utaratibu: kazi ikapewa watu saba, wenye sifa zilizotajwa, waliochaguliwa na mkutano, na majina yote saba, Stefano, Filipo, Prokoro na wenzao, ni ya Kiyunani. Mstari wa 7 unasema neno la Mungu likaenea. Isaya 10:1–2 nayo inawapa ole wanaotunga amri zisizo za haki. Kwa hiyo kijana akisema dhambi inaweza kuandikwa ndani ya kanuni, usimwambie ametoka Marekani. Mwambie ametoka Yerusalemu.

Lakini kuna vipande vya karatasi ya tatu na ya nne ambavyo itabidi uvikatae, na uvikatae waziwazi, usizungushe maneno.

Cha kwanza ni ule usemi wa mitandaoni kwamba ubaguzi ni chuki pamoja na mamlaka, kwa hiyo asiye na mamlaka hawezi kuwa mbaguzi. Walawi 19:15 inafunga njia mbili kwa pamoja: "usimpendelee mtu maskini, wala kumstahi mwenye nguvu". Mwenye nguvu atadaiwa zaidi, hilo Biblia inalisema mara nyingi, lakini moyo wa mnyonge haukuzaliwa safi. Warumi 3:23 haina orodha ya waliosamehewa mtihani.

Cha pili ni kwamba ukweli hupatikana kwa kuwa wa kundi fulani, na asiye wa kundi hilo anyamaze. Nusu yake ni busara: aliyeumia anaona kisichoonwa na aliyekaa kivulini, ndiyo maana manung'uniko ya Wayunani yalisikilizwa. Nusu ya pili haiwezekani kwa Mkristo, kwa kuwa ingemnyima Nathani haki ya kumkemea Daudi mpaka kwanza awe mfalme, au awe Uria.

Cha tatu ni hatia ya damu, kwamba mtoto wa mkandamizaji ana hatia kwa kuzaliwa. Ezekieli 18:20 inakataa: mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Hapa wazee watapumua na kutaka kufunga Biblia. Wazuie kidogo. 2 Samweli 21 inasimulia njaa ya miaka mitatu nchini kwa sababu Sauli aliwaua Wagibeoni waliokuwa wameapiwa usalama. Sauli amekufa, Daudi hakuua, lakini ufalme ungali ule ule na kiapo ni cha ufalme. Basi fundisha maswali matatu yatofautishwe: nani alitenda, nani bado anakula matunda ya tendo, na taasisi gani iliyotenda ingali hai? La kwanza ni hatia ya mtu. La tatu ni wajibu wa taasisi. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipoomba msamaha Songea tarehe 1 Novemba 2023 kwa mauaji ya wakati wa Maji Maji, hakukiri kwamba yeye aliua. Alisema kwa niaba ya dola iliyoua. Wabaptisti wa Kusini waliomba msamaha mwaka 1995 kwa utetezi wa utumwa uliokuwamo katika kuanzishwa kwao mwaka 1845. Mambo haya mawili yakichanganywa, ama unamtwisha mtoto dhambi za babu, ama taasisi inaponyoka kwa kisingizio kwamba waliohusika wamekwisha kufa.

Cha nne ni kukata tamaa. Bell mwaka 1992 alifikia hitimisho kwamba ubaguzi Marekani ni wa kudumu. Kama maelezo ya moyo wa mwanadamu bila neema, sioni Mkristo atabishana naye kwa nguvu gani. Kama neno la mwisho, Waefeso 2:14 inasema Kristo amekwisha kukibomoa kiambaza cha kati, kitenzi cha wakati uliopita. Hapo ndipo nadharia inaposimama na injili inaendelea.

Jumamosi ya tatu mpeleke kila mtu Iringa yenyewe. Nadharia iliyobuniwa kwa ajili ya Marekani haikai vizuri kwetu bila kupunguzwa huku na kuongezwa kule, na njia ya kuona hivyo ni kuijaribu kwa vitu vinavyoonekana.

Anza na majengo ya Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa. Yalijengwa miaka ya 1950 kama shule ya bweni ya watoto wa Kizungu, Mt. Mikaeli na Mt. George. Wakati huo Tanganyika ilikuwa na shule za namna tatu, za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, kila moja na fungu lake. Mfumo huo ulikomeshwa kisheria kuanzia Januari 1962. Waulize vijana: mwalimu wa Kizungu aliyefundisha pale kwa upendo na kusali kila asubuhi, alikuwa mbaguzi? Pengine moyoni hakuwa. Je, shule? Hapo wataelewa maana ya mfumo bila kitabu chochote cha Marekani. Ongeza uchaguzi wa 1958 na 1959, ambapo mpiga kura alitakiwa kuchagua wagombea watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu, ingawa Waafrika walikuwa karibu watu wote.

Kisha Kalenga, kilomita kama 15 tu kutoka mjini. Daladala zipo, na makumbusho yapo. Fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, limewekwa pale. Alijiua kwa risasi tarehe 19 Julai 1898 asikamatwe na Wajerumani, kichwa chake kikakatwa. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliidai Ujerumani ilirudishe fuvu hilo, nalo likarudi mwaka 1954 kwa mkono wa Gavana Edward Twining, aliyelitafuta katika makumbusho ya Bremen kwa kulinganisha vipimo vya mafuvu na vichwa vya watu wa ukoo, na kwa tundu la risasi. Hapo waeleze fuvu lilitakiwa la nini. Wasomi wa Ulaya walichukua upana wa kichwa, wakagawa kwa urefu, wakazidisha kwa mia. Chini ya 75 ni kichwa kirefu, zaidi ya 80 ni kifupi, na kwenye tarakimu hizo wakajenga ngazi ya mataifa. Mwaka 1912 msomi Franz Boas alichapisha vipimo vya watu karibu 18,000, wahamiaji wa Marekani na watoto wao, akaonyesha kwamba hata umbo la kichwa halitulii. Linabadilika kizazi kimoja kwa mazingira. Ngazi ikakosa msingi. Mafuvu yalibaki makabatini: Berlin peke yake ilihesabu zaidi ya 1,000 kutoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mkristo anayeamini ufufuo wa mwili ana neno la kusema juu ya mwili wa mtu uliogeuzwa sampuli, tena kabla ya mwanaharakati yeyote.

Jaribio la tatu litawauma vijana, usiliache. Mwaka 1971 serikali yetu ilipitisha sheria ya kutaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Sheria haikutaja rangi. Waliopoteza nyumba wengi walikuwa Watanzania wenye asili ya Asia, na wengi wakahama. Lengo lilikuwa ujamaa, na waliotunga walikuwa na hoja. Lakini ukitumia kipimo cha vijana wenyewe, kwamba sheria isiyotaja rangi inaweza kuangukia rangi moja, basi kipimo kikate pande zote. Asiyekubali kipimo chake kimguse si mchambuzi, ni shabiki. Kwa haki, watajie pia Oktoba 1961, Nyerere alipotishia kujiuzulu bungeni baada ya baadhi ya wabunge kutaka uraia ufuate rangi.

Juu ya "Biblia ya Mzungu", jibu kwa mafungu mawili na usifiche la pili. Mkushi, towashi wa malkia, alibatizwa Matendo 8. Kornelio Mrumi anangoja mpaka sura ya 10. Kanisa la Antiokia, Matendo 13:1, lina Simeoni aitwaye Nigeri na Lukio Mkirene kati ya walimu wake. Aksum, Ethiopia, ilikuwa na mfalme Mkristo, Ezana, karne ya 4. Augustino alizaliwa Algeria ya leo. Hilo ni fungu moja. La pili: huku kwetu wamisionari wa Kimoravian na wa Misheni ya Berlin walifika Rungwe na Unyakyusa mwaka 1891, mwaka ule ule ambao jeshi la Wajerumani chini ya Zelewski lilipigwa na Wahehe Lugalo, Agosti 17. Msalaba na bunduki vilikuja kipindi kimoja, na si kila mmisionari alivitenganisha. Ukilikiri hilo wewe kwanza, kijana hana tena siri ya kukufunulia. Kisha muulize ni kitabu gani kilichotumika kukataa ubaguzi. Kanisa la Kidachi la Afrika Kusini mwaka 1857 liliruhusu ibada tofauti za Wazungu na wasio Wazungu kwa ajili ya "udhaifu wa baadhi". Ruhusa ikawa desturi, desturi ikawa kanisa tofauti mwaka 1881, na hatimaye ikawa hoja ya dola. Mwaka 1977 Shirikisho la Walutheri Duniani, likikutana Dar es Salaam na kumchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa rais wake, lilitamka kwamba kuukataa ubaguzi huo ni suala la imani yenyewe. Kanisa la Kireformed la watu wa Chotara likaandika Ungamo la Belhar mwaka 1982, likalipitisha 1986. Hawakuhitaji CRT. Walihitaji Wagalatia 2, Petro akijitenga na meza ya watu wa Mataifa na Paulo akimpinga uso kwa uso. Kwa hiyo mtu akikuletea Wagalatia 3:28 ili watu wanyamaze, mrudishe sura moja nyuma.

Jumamosi ya nne ni ya nyumba yenu, na ndiyo itakayoleta kelele. Soma Yakobo 2:1–9, halafu uliza: wageni wa urafiki wakija kutoka Ulaya au Marekani, hukaa wapi? Mbele kabisa, viti vya kitambaa, soda mkononi. Mama aliyepika kwa ajili yao tangu saa kumi alfajiri yuko wapi wakati wa ibada? Nyuma ya kanisa, jikoni. Ukarimu ni wajibu wetu wala sisemi wakalishwe chini. Ila akija mwinjilisti kutoka Makete kwa basi, naye ni mgeni, angalia kama kiti kinatoka.

Uliza pia kuhusu mkorogo, na binti anayesifiwa uzuri kwa weupe wake. Uliza kuhusu utani wa makabila unaoacha kuwa utani unapofika wakati wa kuchagua mchungaji. Na ualbino usiusahau: nadharia za Marekani hazina kisanduku cha mtu aliyezaliwa na wazazi weusi na akawindwa kwa ngozi yake nyeupe, lakini nchi hii imemwua. Neno "zeruzeru" lisitamkwe katika darasa lako hata kwa mzaha, na kijana mwenye ualbino akae mbele kwa sababu ya macho. Apewe maandishi makubwa, na mikutano ya nje ifanyike chini ya kivuli.

Vipindi visizidi dakika tisini; baada ya hapo wanaosema ni wale wale watatu. Usiruhusu simu katika kujadili, maana video ikifunguliwa hoja imehamia kwa mtu asiyekuwapo. Kijana akisema "wasomi wanasema", muulize msomi yupi na alisema nini. Mzee akisema "Biblia inasema", muulize sura na mstari. Kanuni iwe moja kwa wote wawili.

Mwisho wa Jumamosi ya nne waandike mambo mawili, yasizidi, ya kupeleka baraza la wazee, yenye jina la mtu wa kuyasimamia na tarehe, kama wale saba wa Matendo 6. Viti vya wageni vinafaa kuwa moja. Barua ifike kabla ya Juni, kwa kuwa kiangazi ndipo wageni huja, na kamati ya mapokezi ikishapanga viti hakuna atakayethubutu kuvihamisha.